Maarifa na Hekima kwa Odera Oruka

Henry Odera Oruka (1944–1995), mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwagawa wazee wenye hekima wa Kenya katika makundi mawili. Wapo wanaozijua kwa kina mila, methali na hadithi za jamii yao bila kuvuka mipaka yake; na wapo wanaoyahoji hayohayo kwa hoja. Kitabu chake *Sage Philosophy* (1990) kina mahojiano na wazee hao. Paul Mbuya Akoko, kwa mfano, alitetea kuwepo kwa Mungu mmoja: miungu ingekuwa mingi, maumbile yangevurugika. Wakosoaji waliuliza, na swali lao ni zito, iwapo fikra hizo ni za mzee mwenyewe au za msomi aliyemdodosa.