Kukataliwa kwa Mdomo: Haki ya Mtoto Kupokewa Shuleni Meru na Embu

Mzazi anayefika shule ya umma Meru au Embu mwezi wa Januari, mtoto kando yake na sanduku la bati chini, huweza kurudishwa kwa sentensi moja: "Mama, nafasi zimejaa, jaribu kwingine." Hapewi barua wala sahihi. Nadai kwamba dhuluma kubwa imo katika kutoandikwa kwa uamuzi huo, na kwamba sheria zetu, pamoja na ukarimu wake wote kwa mtoto, zimeliacha pengo hilo wazi.

Haki yenyewe haina utata. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza ubaguzi katika kusajili wanafunzi, uwe wa kabila, dini, jinsia au ulemavu. Kinakataza pia mtihani wa kuingilia shule ya umma, isipokuwa ule wa kumpangia mtoto darasa. Asiyeridhika na uamuzi wa Bodi ya Elimu ya Kaunti anaweza kukata rufaa kwenye Baraza la Rufaa za Elimu. Lakini rufaa hupinga uamuzi, na mzazi aliyeambiwa nafasi zimejaa ataonyesha uamuzi gani?

Ulemavu unalidhihirisha jambo hili kuliko yote. Meru ina Shule ya Viziwi ya Kaaga, na kule Igoji ipo St. Lucy's ya wasioona. Zimefanya kazi ya kuheshimika. Hata hivyo, kuwapo kwake kunampa mwalimu mkuu wa shule jirani jibu jepesi: mpelekeni huko. Jibu hilo likitolewa langoni, hakuna atakayejua kama uwezo wa mtoto ulipimwa au alitazamwa tu. Mwalimu naye ana shida zake za kweli: fedha za serikali humfuata mwanafunzi aliyeingizwa katika mfumo wa serikali wa taarifa za elimu, na mfumo wa NEMIS ulidai cheti cha kuzaliwa. Asiye nacho alikula nafasi bila kuleta mgao. Sababu kama hiyo iandikwe, ili ajibu anayestahili kujibu, yaani wizara.

Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inamruhusu aliyeathiriwa kudai sababu kwa maandishi. Zisipotolewa, hatua huchukuliwa kuwa haikuwa na sababu njema mpaka ithibitishwe vingine. Ni silaha nzuri. Ila imempa afisa miezi 3 ya kujibu, na miezi 3 ni muhula mzima.

Mahakama nazo zina mwendo wake. Mzozo wa hijabu katika shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, haukuhusu usajili bali sare, lakini unafundisha. Kanisa la Methodisti, mfadhili wa shule, lilifungua kesi Mahakama Kuu ya Meru mwaka 2014, likashinda 2015. Mahakama ya Rufaa ikageuza uamuzi Septemba 2016. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikatengua hukumu hiyo kwa sababu ombi la kuruhusu hijabu halikuletwa kwa utaratibu ufaao, ikaelekeza kwamba anayetaka aanze upya Mahakama Kuu. Msichana aliyekuwa kidato cha kwanza kesi ilipofunguliwa alikuwa ameshafanya mtihani wa kidato cha nne 2017.

Ndiyo maana simshauri mzazi asubiri hukumu ya mwisho. Ibara ya 22 imeondoa ada ya kufungua kesi za haki za msingi, na Kanuni za 2013 za kesi hizo zinairuhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida. Aombe amri ya muda ya kumweka mtoto darasani kesi ikiendelea. Na hapo tena atahitaji karatasi ya kuonyesha.

Bodi za kaunti za Meru na Embu zinaweza kuanza bila kusubiri Bunge: fomu ya ukurasa mmoja, ijazwe siku hiyohiyo, yenye jina la mtoto, sababu ya kukataliwa, idadi ya wanafunzi wa darasa hilo na sahihi ya mwalimu mkuu. Nakala moja abaki nayo mzazi, nyingine ifike kwa mkurugenzi wa elimu. Walimu wakuu wengine watalalamika kwamba fomu hiyo itawapeleka kortini. Mwenye darasa lililojaa kweli hana la kuogopa katika kuandika hivyo.