Kifaa cha Kazi Moja

Mwaka 2004 Sony ilianza kuuza nchini Japani Librié, kifaa cha kwanza sokoni cha kusomea vitabu kwa wino wa kielektroniki. Mwaka 2007 Amazon ikafuata na Kindle, kwa dola 399. Apple ilipoleta iPad mwaka 2010, ilikuwa rahisi kudhani kwamba siku za vifaa hivyo zimehesabika: nani abebe kifaa cha kazi moja ilhali kishikwambi kinafanya zote? Havikufa, na sababu imo kwenye kioo chenyewe. Wino huo ni chembe nyeusi na nyeupe zinazosogezwa kwa umeme kisha zikatulia. Husomeka juani kama karatasi, na kwa kuwa umeme hutumika hasa ukurasa unapobadilika, chaji hudumu siku nyingi.

Itasemwa kwamba kishikwambi kina rangi, na hufaa zaidi kwa ramani, michoro na kurasa pana. Ni kweli, mwanafunzi wa udaktari akikichagua hajakosea. Lakini hiyo ni hoja ya kutazama na kutafuta. Anayesoma riwaya ndefu huhitaji utulivu, na kishikwambi huleta ujumbe, video na michezo mlemle. Mshika mawili moja humponyoka, na kiponyokacho kwa urahisi ni kitabu.