WIMBO ULIOSUBIRI MIAKA 28

Samahani kwa kuadimika. Nilikuwa Kagunga, kule mkoani Kigoma mpakani na Burundi, ambako msafiri hutegemea boti. Nimerudi na swali ambalo sikulijibu vizuri papo hapo, basi nalijibu leo.

Kuna kijana pale kageuza chumba chake kuwa studio: simu, kompyuta ya mtumba na godoro lililosimamishwa ukutani kupunguza mwangwi. Anaimba Kiha, peke yake. Wimbo alionisikilizisha ni wa rafiki yake Mrundi waliyelala naye chumba hicho Mei 2015, wakati makumi ya maelfu ya wakimbizi walipojazana ufukweni, na meli ya Liemba ikawa inawachukua kwenda Kigoma, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Hawajaonana tena. Akaniuliza, "Kaka, wimbo kama huu nani ataununua? Mzee anataka niende ziwani kuvua."

Nikamkumbuka Hailu Mergia.

Huyu ni Mwethiopia aliyezaliwa mwaka 1946, mpiga kinanda wa Walias Band, waliokuwa wakitumbuiza hoteli ya Hilton, Addis Ababa. Enzi za utawala wa kijeshi wa Derg kulikuwa na amri ya kutotoka nje usiku, hivyo bendi ilipiga mpaka alfajiri maana wageni hawakuweza kurudi makwao. Mwaka 1977 walitoa albamu ya Tche Belew. Mwaka 1981 wakaenda Marekani kwa ziara. Baadhi wakarudi; wengine, Mergia akiwamo, wakabaki.

Mwaka 1985, akiwa Washington, aliingia studio ndogo ya nyumbani na kupiga vyombo vyote mwenyewe: vinanda vya umeme, mashine ya ngoma, na juu yake akodiani, ile ya kuvuta na kusukuma ambayo wapenzi wa taarab wanaijua. Alikuwa ameipiga tangu ujana wake, kabla vinanda vya umeme havijaisukuma pembeni. Wenzake hawakuwapo, kwao kulikuwa mbali, basi akairudisha sauti ya zamani kwa mikono yake miwili.

Baadaye akaacha majukwaa, akawa dereva wa teksi uwanja wa ndege wa Dulles. Ndani ya buti aliweka kinanda kidogo cha betri. Akisubiri abiria, anakitoa anapiga.

Kanda yake ilikuja kupatikana Bahir Dar, mji wa kando ya Ziwa Tana, na Mmarekani Brian Shimkovitz, ambaye aliitoa upya mwaka 2013 kupitia Awesome Tapes From Africa. Mergia akarudi jukwaani, na mwaka 2018 akatoa albamu mpya, Lala Belu.

Sasa wadau, wengi watasema funzo ni "vumilia, ipo siku utagunduliwa". Mimi sikubali. Ile ilikuwa bahati, na kanda ngapi zimeozea kwenye maboksi bila mtu kuzigusa? Kinachonigusa ni miaka ile ya katikati. Pale uwanja wa ndege hakukuwa na tiketi wala mashabiki, na bado alifungua buti. Aliufanya muziki uishi ndani ya kazi iliyomlisha.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Kagunga, jibu langu ni hili. Mzee hajakosea, nenda ziwani. Lakini wavuvi wa dagaa mnajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki, na mitumbwi hupumzika. Siku hizo ndizo buti yako ya teksi. Simamisha godoro, rekodi. Na wimbo wa rafiki yako usiufute kwa sababu ya kukosa mnunuzi. Hukuutunga ili uuzwe. Uliutunga kwa sababu ameondoka.

Nawasilisha. Mwenye maoni, karibu.