Uunganishaji wa picha

Uunganishaji wa picha ni kazi ya kukitoa kitu katika picha moja na kukiweka kwenye mandhari ya nyingine bila kiungo kuonekana. Mpiga picha Oscar Rejlander aliifanya Uingereza mwaka 1857 kwa kuchapa negativu takriban 30 katika picha moja. Kwenye kompyuta, programu ya Photoshop ilipata leya, yaani tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, mwaka 1994, katika toleo la 3.0.

Chombo kikuu ni barakoa ya leya: palipo peupe kitu huonekana, palipo peusi hufichika, na kijivu hukionyesha kwa kiasi. Ila kinachoumbua kazi mara nyingi si ukingo, ni mwanga. Mtu aliyepigwa picha jua la utosini, akiwekwa ufukweni wakati wa machweo, hakai hadi aongezewe wekundu na kivuli chake kirefushwe upande ulio kinyume na jua. Chini ya nyayo huhitajika kivuli chembamba, cheusi zaidi; bila hicho mtu huelea.

Mwaka 2003 watafiti Patrick Pérez, Michel Gangnet na Andrew Blake walieleza njia ya kuunganisha picha kwa hesabu iitwayo mlinganyo wa Poisson: kompyuta huhifadhi mabadiliko ya rangi ndani ya kitu, huku kingo zikifuata rangi za mandhari.