Kiwanda Kisichotoa Moshi

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita tuliongea kuhusu ajira za viwanda vya chipu hapa Phoenix, na wengi mmetuandikia kuhusu lile swali la mama mdogo wangu. Kwa ambao hamkusikia: siku mwanawe alipoanza kazi kwenye kiwanda kimojawapo, alimpeleka kwa gari hadi getini, akalitazama lile jengo jeupe, halafu akanipigia simu. "Mwanangu, kiwanda gani hiki hakina bomba la moshi? Sasa uchafu wake unatokea wapi?"

Nilicheka. Baadaye nikakaa kusoma, nikakuta alichouliza ndicho walichokuja kuuliza majirani wa viwanda hivi miaka ya 1980, tena wakiwa wamechelewa.

Tuanze na ile picha tunayoiona kwenye matangazo: mtu amevaa nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni, macho tu ndiyo yanaonekana. Wengi tunadhani nguo ile inamlinda yeye. Kumbe hasa inailinda chipu dhidi yake. Unyweleo au chembe ya vumbi ikidondoka, chipu imeharibika. Ndiyo maana kila hatua lazima kusafisha: kwa maji yaliyochujwa mno, kwa asidi, na zamani kwa viyeyushi vya kuondolea grisi, hasa TCE na ndugu yake TCA. Ndani pakabaki safi kuliko chumba cha upasuaji. Kemikali zilizokwisha kutumika ziliwekwa kwenye matangi yaliyofukiwa ardhini. Juu hakuna moshi, hakuna harufu, na miji ikagombea kuvipata viwanda hivi kwa sababu eti ni safi.

Hapa kwetu hadithi ina anwani. Mwaka 1956 Motorola ilifungua kiwanda cha semikondakta upande wa mashariki wa Phoenix, karibu na barabara ya 52. Kilitoa ajira nyingi, na mji ukajivunia. Mwaka 1982 ikagundulika kwamba tangi moja la ardhini linavuja. Walipochimba visima vya kupimia, wakakuta tatizo ni kubwa kuliko tangi moja: TCE na kemikali nyingine zilikuwa zimeingia kwenye maji ya chini ya ardhi na kusambaa maili kadhaa kuelekea magharibi, upande wa katikati ya mji. Mwaka 1989 eneo hilo likaingizwa kwenye orodha ya Superfund, yaani maeneo yaliyochafuliwa vibaya ambayo serikali kuu inasimamia usafishaji wake. Mitambo ya kuvuta maji na kuyasafisha imekuwa ikifanya kazi tangu miaka ya 1990. Hadi leo kazi haijaisha.

Tusitishane bure. Maji ya bomba ya Phoenix kwa sehemu kubwa yanatoka mitoni: Salt, Verde na Colorado. Hatunywi yale ya chini ya kiwanda kile. Lakini TCE ina tabia ya kugeuka mvuke na kupanda kupitia udongo hadi ndani ya nyumba, kwa hiyo miaka ya karibuni wataalamu wamekuwa wakipima hewa kwenye nyumba za watu wa eneo hilo. TCE inasababisha saratani. Sasa fikiria: kiwanda kilifunguliwa kabla wazazi wetu hawajaoana, na mtu bado anagongewa mlango apimiwe hewa ya sebuleni.

California ndiko sheria zilikoanza kubadilika. Mwishoni mwa 1981, kusini mwa San Jose, iligundulika kwamba tangi la kiwanda cha Fairchild limevuja, na TCA imeingia kwenye kisima cha maji ya kunywa kilichokuwa kama mita 600 tu kutoka hapo. Kisima kikafungwa, lakini watu wa mtaa wakaja kujua kupitia gazeti, Januari 1982. Akina mama wa Los Paseos wakaanza kuhesabu wenyewe, nyumba kwa nyumba: mimba zilizoharibika, watoto waliozaliwa na kasoro za moyo. Uchunguzi wa jimbo, matokeo yake yakatoka 1985, ukakuta kweli mtaa ule ulikuwa na mimba zilizoharibika kupita kawaida, lakini haukuweza kuthibitisha kwamba chanzo ni maji yale. Hilo ni jibu linaloumiza, maana huna wa kumlaumu kwa uhakika wala huna wa kukutuliza.

Hata hivyo wale wakazi hawakurudi nyumbani. Mwaka huo huo wa 1982 ikaundwa Silicon Valley Toxics Coalition, ikiongozwa na mwanasheria Ted Smith, ikiwaweka pamoja wakazi, vyama vya wafanyakazi na hata wazimamoto, ambao walitaka kujua kuna nini ndani ya majengo wanayoitwa kuzima moto. Mwaka 1983 kaunti ya Santa Clara na jimbo la California wakapitisha sheria za matangi: kuta mbili, vipimo, na kuandikisha kilichomo. Mwaka 1984 Bunge la Marekani likaweka matangi ya ardhini kwenye sheria ya nchi nzima. Kaunti ile ina maeneo ya Superfund zaidi ya 20, kuliko kaunti nyingine yoyote Marekani.

Viwanda navyo vikionyeshwa kipimo vinaweza kubadilika. Mwaka 1999 makampuni ya chipu duniani yalikubaliana kupunguza gesi za PFC, ambazo nyingine hukaa hewani maelfu ya miaka, ziwe chini ya kiwango cha 1995 kwa asilimia 10 ifikapo 2010. Lengo wakalipita. Kwa hiyo inawezekana, ila kuna lazima mtu ahesabu na hesabu iwe wazi.

Sasa turudi nyumbani. TSMC ilitangaza kiwanda chake cha kaskazini mwa Phoenix mwaka 2020. Mwaka 2021 serikali ikatangaza upungufu wa maji wa mto Colorado kwa mara ya kwanza. Kampuni imeahidi mtambo wa kusafisha maji yatumike tena, ikilenga takriban asilimia 90. Ni ahadi nzuri, na ninaombea itimie. Watu wetu wanahitaji hizi kazi: wengine wamekuja hapa kutoka Kivu kupitia kambi za Kigoma, na mshahara wa kiwandani unalipa kodi ya nyumba na ada ya mdogo wake mtu.

Lakini tukienda kwenye mikutano ya mji, tusiende kupiga makofi tu. Tuulize: kemikali gani zinatumika? Zikishatumika zinapelekwa wapi? Nani anapima, si kampuni yenyewe? Matokeo yanawekwa wapi tuyasome? Na wafanyakazi wa ndani, nani anafuatilia afya zao?

Mama mdogo aliuliza siku ya kwanza ya kazi, getini. Motorola ilikuwa na miaka 26 pale kabla ya tangi kugundulika. Afadhali sisi tuulize mapema kama yeye.