Kariakoo: Soko Lenye Jina la Wapagazi

Katika mitaa ya Dar es Salaam hakuna jina litajwalo kila siku kuliko Kariakoo, wala hakuna lisahauliwalo asili yake kuliko hilo. Waingereza walipoutwaa mji huo kwa Wajerumani, mwezi wa Septemba 1916, mahali hapo pakawa kambi ya kikosi cha wapagazi, kilichoitwa Carrier Corps. Ndimi za wenyeji zikalilainisha jina hilo likawa Kariakoo, kama Nairobi nayo ilivyopata Kariakor yake.

Tangu zama za misafara watu walisema, "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi." Vita vikawatwika mzigo huo watu wa makabila yote, wengi wao kwa kulazimishwa. Walibeba unga, risasi na majeruhi katika nchi ambayo mbung'o waliwaua farasi na punda. Wakafa kwa makumi ya maelfu, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Sanamu iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 ni ya askari na bunduki yake. Mpagazi ametajwa katika maandishi ya chini.

Baada ya vita kambi ikageuka soko la chakula. Mwaka 1975 likafunguliwa jengo jipya lililobuniwa na Beda Amuli, msanifu wa Kitanzania: nguzo za zege zilizopanuka juu mithili ya miavuli iliyopinduliwa ili kukinga maji ya mvua, na chini ya ardhi soko la jumla. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto ukaliunguza, serikali ikaanza kulitengeneza na kujenga jingine kando yake.

Lakini biashara haikukoma. Mnunuzi wa leo hushuka kwenye basi la mwendokasi katika mtaa wa Msimbazi, akauliza bei ya mchele, dagaa na viungo, akapunguziwa, kisha akatafuta mchukuzi. Hapo ndipo historia yenyewe inapomkabili. Mchukuzi huyo hakulazimishwa na serikali yoyote, na ujira wake ni wa mapatano. Ila gunia lingali begani mwake. Mwenye kulijua jina la soko hili hatauona ujira huo kuwa ni jambo dogo la kuvutana.