Nyonga ya mzee si ya kuchuliwa

Mtu mzima ana mifupa 206, lakini leo nataka kuzungumzia mmoja tu: mfupa wa paja, mrefu kuliko yote mwilini. Juu una kichwa cha mviringo kama mpira, kinachoingia katika kibakuli cha nyonga. Pande zote mbili zimevikwa gegedu laini na katikati mna ute, ndiyo maana twachutama, twasujudu na kuinuka bila kuhisi lolote.

Shida iko shingoni, pale pembamba panapounga kichwa na mfupa wenyewe. Mishipa mingi ya damu inayolisha kichwa hupitia hapo. Shingo ikivunjika, mishipa nayo yaweza kukatika, na kichwa kikafa kwa kukosa damu. Kwa wazee, hasa akina mama waliokoma hedhi, mifupa huwa imedhoofika. Kuteleza msalani tu kunatosha.

Huku kwetu mzee akianguka, mara nyingi wa kwanza kuitwa ni mchuaji. Sina ugomvi na wachuaji, misuli iliyokaza wanaijua. Lakini mguu ukionekana mfupi kuliko mwenziwe na wayo umegeukia nje, usichuliwe wala usivutwe. Mpelekeni hospitali akapigwe eksirei siku hiyo hiyo. Akilazwa nyumbani wiki nzima, huja vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda miguuni, na hayo ndiyo huua zaidi ya mfupa wenyewe. Hata akiweza kukanyaga huku akilalamikia kinena, apelekwe: ufa mdogo huweza kumbeba mtu kwa muda kabla ya kuachana.